Nilipoacha Kung'oa Kope

Kama unang'oa kope zako kwa kibano kila zinapoota, haya nimekuandikia wewe. Wengine wakisoma si vibaya, ila wanaweza kuona ni mambo madogo. Mtu ambaye hajawahi kuchomwa na unywele wake mwenyewe ndani ya jicho hawezi kujua ni kitu gani. Si kama mchanga. Mchanga unautoa, basi. Huu ni kama mtu kashika kifagio kidogo cha majani makavu, na kila unapopepesa anaifagia mboni. Huwezi kumwambia aache, maana huwezi kuacha kupepesa.

Mimi ni mwanamke wa makamo. Nakaa kitongoji kimoja huku ndani, ukitoka Mtinko unaendelea mpaka barabara inakwisha inabaki njia ya ng'ombe. Nilisoma nikaishia la saba. Nina tabia ya kuandika mambo ya siku: mvua imenyesha wapi, mwewe kachukua kuku wa nani, nani kanikera. Wifi yangu Mwanaidi ndiye aliyesema niandike na hili la macho. Nikamwambia mimi si daktari, nitakosea. Akasema, "Madaktari wameshaandika, wifi. Umewahi kuyasoma?" Sijawahi. Basi naandika. Nikikosea ya kidaktari mnisahihishe. Ya mwili wangu sidhani kama nimekosea.

Jicho la kulia ndilo lililotangulia kufa. Lilianza zamani, tangu watoto wangu wakiwa wadogo: kuwasha, tongotongo za asubuhi, kuchukia jua. Kila mtu alisema ni upepo. Na kweli upepo wa kwetu si wa mchezo. Kuanzia alizeti zinapokauka shambani mpaka tunapolima tena, unapita katikati ya yale mawe makubwa umebeba vumbi la mashamba yote. Kwa hiyo upepo ulibebeshwa lawama ya kila kitu. Zahanati walinipa dawa ya mrija, nikapaka, likatulia, likarudi. Kisha kope zikaanza kugeuka. Badala ya kutazama nje, zikatazama ndani.

Kwetu dawa ya hilo ni kibano. Mhunzi anakikunja kutoka kipande chembamba cha chuma, mwanamke anakifunga kwenye uzi wa shingoni. Jua likipungua makali utawakuta wanawake wawili wawili kivulini, mmoja kalaza kichwa kwenye mapaja ya mwenzake, wanasema habari za watu huku wakinyofoana kope. Niseme haki, ni wakati mtamu. Mwanaidi ana mkono mwepesi kuliko wote. Akikunyofoa unapata nafuu ya siku kadhaa, unaona dunia. Tulidhani ugonjwa uko kwenye unywele. Hatukujua kwamba ukope unaong'olewa unarudi mfupi na mgumu, kama kisiki cha mtama baada ya kuvuna. Au labda tuliambiwa tukasahau. Siwezi kuapa.

Mama mkwe wangu alikufa haoni. Dada yake hivyo hivyo. Tulisema ni uzee. Lakini baba mkwe, aliyewazidi wote umri, alikuwa anamtambua mbuzi wake ng'ambo ya korongo. Jambo hilo lilikuwa mbele yangu miaka yote hiyo na halikunipa swali.

Sasa maji. Kisima chetu ni cha kuchimba kwenye mchanga wa korongo. Kiangazi kinakwenda chini mpaka mtu anatumbukia mzima, na maji yanajaa kidogo kidogo. Utaratibu tulioukuta ni mifugo kwanza. Ng'ombe wakishakunywa, wanawake tunasubiri kisima kijae upya, ndipo tunachota kwa kata. Na maji yakifika nyumbani yanakuta foleni nyingine: ya kupika, ya kunywa, ya baba kunawa maana anakwenda kwa watu, ya vifaranga. Uso wa mtoto haumo kwenye foleni hiyo. Uso wa mtoto ni kazi ya pindo la khanga. Unafuta kamasi za huyu, tongotongo za yule, jasho lako, machozi yako, na pindo ni lile lile. Hivyo ndivyo nilivyolea, na hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Sisemi kwamba mume wangu, Baba Salimu, ni mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke kabla sijaenda mbele. Hajawahi kunipiga wala kushiba mimi nikiwa na njaa. Siku moja nilimuuliza kwa nini ng'ombe kwanza. Akanijibu bila ubaya wowote, "Ng'ombe akikosa maji siku mbili analala chini. Wewe ukikosa unanung'unika tu." Tukacheka wote wawili. Nilicheka kweli.

Mara ya kwanza tuliposikia wataalamu wa macho watakuja kituo cha afya, mwenyekiti wa kitongoji alipita na kipaza sauti akitangaza. Jicho la kulia lilikuwa limeshakuwa jeupe. La kushoto lilikuwa bado langu, ila kope zake zilikuwa zimeanza mchezo ule ule. Mwanaidi akanitazama, akasema:

"Wifi, huwezi kwenda kwa daktari na vichaka hivyo machoni. Atatuonaje?"

Nikaona anasema kweli. Mgeni akija si unafagia uwanja? Jioni ile akanilaza mapajani, akaninyofoa jicho la kushoto lote, ukope mmoja mmoja, mpaka likawa safi kama yai. Asubuhi nikavaa khanga mpya nikaenda nimenyooka, kama bibi harusi.

Tulikaa kwenye baraza ya kituo mpaka kivuli kikahamia upande wa pili wa jengo. Aliyekuwa anapima ni kijana mwenye tochi na miwani ya kukuza. Alikuwa amechoka, watu walikuwa wengi, hilo naelewa. Akanishika kope ya kushoto, akamulika.

"Hapa hakuna ukope unaogusa jicho, mama. Hili la kulia lina kovu la zamani, hatuwezi kulirudisha. La kushoto paka dawa hii, na unawe uso kila siku."

"Linaniuma, mwanangu."

"Ni vumbi hilo. Anayefuata!"

Nafikiri hakuniuliza kama nang'oa. Lakini kulikuwa na kelele, watoto wanalia, inawezekana aliuliza nisisikie. Kwa hiyo simbebeshi yeye peke yake. Tulirudi tukiwa na furaha! Njia nzima Mwanaidi anajisifu: "Si nilikwambia? Kakuta uwanja umefagiwa."

Mvua zikaja, tukalima, tukapalilia. Alizeti zilipochanua mwaka ule niliona rangi ya njano tu, kama mtu kamwaga kitu. Ua sikuliona. Nikichagua mchele au mtama kwenye ungo, mawe yanabaki. Baba Salimu akang'ata jiwe, akatema, akanitazama bila neno. Kutazamwa hivyo kulinichoma kuliko angesema.

Lililonimaliza ni la njiani. Nilimpita mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu, kasimama kwenye kona ya boma, nikampita bila shikamoo. Nilidhani ni nguzo. Habari ikafika nyumbani kabla yangu.

"Umempita mzee kama gogo," Baba Salimu akasema.

"Sikumwona."

"Mchana kweupe?"

"Nimekwambia sikumwona!"

Sijawahi kumpandishia sauti namna ile. Sikujua, mke wa mwanangu Salimu (Sikujua ndilo jina lake), aliacha kutwanga. Nadhani ndipo wote tulipojua kwamba nimeshaanza kuwa kipofu kama mama mkwe wangu.

Muuguzi wa zahanati alituambia wataalamu watarudi baada ya mavuno. Nikakaa nikafikiri kwa akili yangu hii ndogo. Yule kijana alikuta nini mara ya kwanza? Alikuta uwanja umefagiwa. Basi kosa letu lilikuwa kufagia. Safari hii atavikuta vichaka vyote. Nikakivua kibano shingoni nikampa Sikujua akifiche asinionyeshe.

Mwanaidi alipokuja na kigoda chake, nikamwambia sinyofolewi.

"Utakuwa kipofu kabla hawajafika!"

"Nitakuwa kipofu mwenye ushahidi."

"Mungu wangu. Ushahidi wa nini?"

"Wa kwamba linaniuma."

Kama unasoma haya ukiwa na maumivu hayo, usinifuate. Nitaeleza kwa nini. Lakini sikuwa na mtu wa kuniambia, na hasira ilikuwa imenipanda, naomba mnielewe.

Siku za mwanzo nilivumilia. Kisha zikaota kweli, zile ngumu. Sikuweza kutoka nje. Nilikaa chumba cha ndani na kitambaa usoni, moshi wa jikoni ukiingia kwa mbali nahisi kama pilipili imesagwa kwenye jicho. Nilijifunza kutopepesa, yaani nilikaa nimefumba kabisa, bila kutikisika, kama mtu anayemsikiliza nyoka. Sikujua akabeba kazi zote: kupika, kuni, kisima, na mwanawe Rehema mgongoni. Alikuwa hasemi, ila nilisikia madumu anavyoyabwaga. Alikuwa na haki. Wanawake wengine walipita kunisalimia wakarudi wakasema naringia ugonjwa. Inawezekana ndivyo ilivyoonekana.

Baba Salimu alichemka.

"Dawa ilikuwa shingoni kwako, umeivua, unakaa unalia. Hiki ni kiburi."

"Ndiyo, Baba Salimu. Ni kiburi."

Nafikiri hakutegemea jibu hilo. Akaondoka. Mchana mmoja akaja amekishika kibano, sijui alikipata vipi kwa Sikujua. Akachuchumaa mbele yangu. Mikono yake ni ya jembe na kamba za ng'ombe. Nilisikia anavyokigeuza geuza kile kidude.

"Niutoe hata mmoja tu, Mama Salimu. Ule mbaya."

Nilikuwa nimeshachoka kiasi kwamba nilikaribia kukubali. Nikamwambia, "Ukiutoa huo mmoja, daktari atasema hakuna." Kisha akatoka. Kesho yake asubuhi akaniwekea kando yangu kata ya maji, baridi, safi, hayajatibuliwa. Maji ya namna ile ni yale ya kabla mifugo haijafika kisimani. Nililowesha kitambaa nikakiweka usoni. Nikihesabu rehema nilizopata kwenye ugonjwa huu, naanza na kata ile.

Lakini kunipa maji ni jambo moja, kuniruhusu nikakatwe ni lingine. Kwetu mke haendi kupasuliwa mwili bila mume kutoa neno. Na Baba Salimu alikuwa anaogopa. Alisikia kwamba wanakata kope kwa kisu, akasema tungoje, tuone, alizeti zikamuliwe kwanza. Nikangoja. Ni Mwanaidi aliyemwendea, maana ni kaka yake.

"Kaka, mama yetu alikufa anapapasa kuta. Tulimshika mkono miaka mingapi? Sasa na huyu unataka tumshike?"

Nilikuwa nasikia kutoka ndani. Baba Salimu alikohoa. Akasema, "Nenda naye." Neno lenyewe lilikuwa hilo tu, na nilikuwa nimelingoja mwezi mzima kama mvua.

Siku wataalamu walipofika, bodaboda alitupakia wote wawili, mimi katikati nimefunikwa khanga kichwa kizima kama mzigo wa kuku. Baraza ya kituo ilikuwa imejaa. Sikuona watu, ila nilisikia, na nilichosikia kilinishangaza. Nikamwuliza Mwanaidi, "Wanaume wamekaa wapi?"

"Wanaume gani? Kuna babu mmoja pale, na dereva wa gari."

Bibi aliyekaa kushoto kwangu akacheka. "Ugonjwa huu haupandi kwenye suruali, mwanangu. Unapanda kwenye khanga."

Akaja mama mmoja wa kutoa elimu ya afya. Sauti yake nzuri, amezoea watu. Akatusalimu, akaanza: vikope ni ugonjwa wa uchafu, inzi wanapenda uso mchafu, tuwanawishe watoto, tusichangie kitambaa. Akauliza, "Haya, nani kanawa uso leo kwa maji safi?" Watu wakacheka kwa aibu, ile ya kuinamisha kichwa. Nami sijui nini kilinipata. Sina desturi ya kusema mbele za watu. Nilikuwa nimefunikwa uso, labda ndiyo maana nilipata ujasiri.

"Naomba kuuliza. Wewe umenawa ya wapi?"

"Ya bomba, mama. Hapa senta."

"Hapa senta, penye bomba, umeona mwanamke amevaa kibano shingoni?"

"Sijaona."

"Wa senta wanajua kunawa kuliko sisi? Upepo hauwafikii? Mimi najua kunawa tangu mtoto. Niambie nikishachota baada ya ng'ombe, nikapika, nikamwekea mume, niambie kata ya uso wa mtoto naitoa kwenye dumu lipi. Ukinionyesha dumu hilo, nitakubali kuitwa mchafu."

Yule bibi wa kushoto akapiga kofi la paja. "Sema, mama, sema!" Wengine wakaguna. Mwanaidi alikuwa ananivuta khanga, ananong'ona, "Wifi, watatufukuza."

Nimtendee haki yule mama. Hakukasirika. Alisema taratibu, "Mama, ninayosema ni kweli, ukinawa uso ugonjwa unapungua. Lakini na wewe unachosema ni kweli. Mimi nimetumwa na hilo moja tu." Nikamwambia, "Basi ukirudi kwa waliokutuma, wape na hili la pili." Akasema atawapa. Kama aliwapa sijui. Bomba bado liko senta mpaka ninapoandika.

Nilipoitwa ndani nilitambua sauti. Ni kijana yule yule. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." Hakunikumbuka, naye atakumbuka nyuso ngapi? Akanifunua, akamulika, akainua kope. Akasogea karibu, nikasikia miwani yake inavyogonga tochi.

"Mama, kwa nini umeacha mpaka imefika hapa? Zinakuna kioo cha jicho."

Nikamweleza. Kwamba mwaka jana nilikuja safi. Kwamba wifi yangu alininyofoa ili tusimwaibishe. Kwamba safari hii nimeziotesha ili azione.

Akaizima tochi. "Ukope uliong'olewa nao tunauhesabu, mama. Ungesema tu 'nang'oa', ingetosha. Hukuwa na haja ya kuteseka hivi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini labda sikukuuliza."

"Labda hukuuliza. Labda sikusikia."

"Leo nimekuuliza."

"Na leo nimesikia."

Basi wewe unayesoma, lichukue hilo hata ukitupa mengine yote. Usioteshe kope kama mimi. Nenda ulivyo, na neno la kwanza mlangoni liwe: nang'oa.

Sindano ya ganzi ndiyo mbaya. Inachomwa kwenye kope yenyewe, unaihisi ikivimba kama andazi kwenye mafuta. Baada ya hapo unasikia tu, huhisi: mkasi, uzi unapita, kijana anamwambia mwenzake amfutie jasho. Wanakata kwa ndani kisha wanaigeuza kope itazame nje tena. Nilidhani nitapiga kelele, sikupiga. Nilikuwa nasema moyoni, geuka, geuka, geuka.

Wakalifunga bendeji. Na kwa kuwa la kulia halina kitu, nikawa kipofu kamili mpaka kesho yake. Mwanaidi alininywesha uji. "Fungua mdomo, wifi. Mdomo, si jicho!" Nikacheka, nyuzi zikavuta, nikaacha. Mchana ule nilimwelewa mama mkwe wangu kuliko miaka yote niliyokaa naye. Watu wanazungumza juu yako ukiwepo. "Huyu amekula?" "Huyu anataka kwenda nje?" Hawamuulizi yule mwenye tumbo. Nami nilimfanyia vile vile, nikidhani ni kumtunza.

Asubuhi kijana akafungua bendeji. Akasema nipepese. Niliogopa. Nikapepesa. Hakuna kitu. Nikapepesa tena, nikapepesa kama mjinga, na hakuna aliyefagia. Sikuona vizuri, ukungu ulikuwepo na mpaka leo upo kidogo, zile kope zilishaacha alama yake. Lakini kulikuwa na dirisha, na mbele ya dirisha alikuwa Mwanaidi kainama karibu ananitazama.

Nami nikamtazama. Miaka yote hiyo ananilaza mapajani, kichwa changu juu, yeye anaangalia chini, mimi nimefumba. Sikuwa nimemwangalia machoni kwa karibu. Kope zake zilikuwa hazina hata unywele mmoja. Kingo nyekundu, zimevimba.

"Wifi," nikasema, "na wewe?"

"Aa, mimi ni kidogo tu. Najinyofoa mwenyewe."

Nikapaza sauti, nyuzi au si nyuzi: "Daktari! Daktari! Huyu hapa ananyofoa tangu hajaolewa!"

"Nyamaza, mwanamke wewe! Mimi nimekusindikiza tu!"

"Umekamatwa. Kaa benchi."

Chumba kizima kilicheka, na yeye akakaa benchi, anatukana chini chini. Alifanyiwa upasuaji siku ile ile, macho yote mawili yakiwa bado mazima. Kesho yake tulirudi nyumbani na bodaboda wawili, na Salimu alikuja kutushusha kama maharusi wa kulazimishwa.

Nyumbani sikukaa kimya tena, na sijui kama ni vizuri au nimekuwa mtu wa maneno. Nyuzi zilipotolewa nilikwenda kisimani mwenyewe, asubuhi kabla mifugo haijafika, nikiwa na Sikujua na Mwanaidi na wanawake wengine wachache. Tukawaambia wachungaji: kabla ng'ombe hajaweka mdomo, kila mama anachota kata za nyuso za watoto wake. Nyuso tu. Walitucheka, kisha wakakasirika. Mmoja akamwambia Baba Salimu, "Siku hizi kwako boma linaongozwa na khanga?" Baba Salimu akasema, "Kwangu tumeshamzika kipofu. Kwako bado?" Akawazuia ng'ombe wake kwa fimbo mpaka tukamaliza.

Nisidanganye kwamba imekuwa sheria. Kiangazi kikikaza, kuna asubuhi tunafika tunakuta wameshatangulia kwa makusudi, na maji ni tope. Kuna wanawake wanaosema tunatafuta ugomvi bure. Lakini kwenye nyumba yangu uso wa Rehema una dumu lake, na hakuna vifaranga wanaolisogelea. Tulipogawiwa dawa za kumeza za vikope, niliwapitia majirani mlango kwa mlango kuwahimiza wazimeze, pamoja na wale wanaosema natafuta ugomvi.

Mvua zilizofuata, tunapalilia, nilihisi kitu. Kimoja tu, kwenye pembe ya kope ya kushoto. Nikapepesa, kikakwaruza. Nikasimama katikati ya mtama na jembe mkononi. Nilidhani nimeshapona. Niliona aibu hata, kama mtu aliyealika watu kwenye sherehe kabla ya mahari. Baadaye nilielezwa kwamba hutokea, wengine zinageuka tena, na si kwamba umekosea wala kwamba aliyekushona amekosea.

Sikujua akaniuliza kama nataka Mwanaidi aitwe aunyofoe. Nikasema hapana. Nikanawa, nikafunga khanga, nikamwambia amwite bodaboda kule barabarani. Bodaboda alipofika, Baba Salimu alikuwa anatoka bomani na ndama, akaniona nimevaa vya safari, siku ya kazi, palizi haijaisha.

"Unakwenda wapi, Mama Salimu?"

"Hospitali."

"Nani amesema?"

"Jicho limesema."

Akafungua mdomo. Nadhani alikuwa na neno, lile la kungoja kidogo, tuone kwanza. Nilimpa muda wa kulisema. Ni mume wangu, na ana haki ya kusema. Lakini nilikuwa nimeshapanda. Yule kijana wa bodaboda akageuka kututazama, hajui aondoke au asubiri.

"Twende," nikamwambia. "Huyu atanisubiri."